Vizuizi vya uhamishaji katika sarufi zalishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara sintaksia, yaani taaluma ya muundo wa sentensi, inapofika kwenye visiwa: miundo ambayo neno haliwezi kuhamishwa kutoka ndani yake. Sarufi zalishi ni nadharia inayojaribu kueleza kanuni zinazozalisha sentensi za lugha. Mifano mingi ni ya Kiswahili kwa sababu msomaji anaweza kuipima kwa sikio lake. Vitabu huweka nyota mbele ya sentensi isiyokubalika. Hapa nimeweka ✗, na alama (?) mbele ya ile inayotia shaka.

## Misingi

1. Uhamishaji ni nini hasa? Kuna kitu kinachosafiri?

Ni jina la hali ambapo kipashio (neno au kikundi cha maneno) kinasikika mahali pamoja lakini kinafasiriwa mahali pengine. Chukua "Ni nani unadhani atashinda?" Neno "nani" liko mwanzoni, jirani na "unadhani", ilhali anayeulizwa si mtu wa kudhani bali mtu wa kushinda. Ndani ya kishazi cha chini, yaani kile kilichomo ndani ya kingine, kabla ya "atashinda", kuna nafasi ambayo ni ya "nani". Nafasi hiyo tunaiita pengo.

Hakuna anayedai kwamba neno linatembea kichwani mwa msemaji sekunde kwa sekunde. Dai ni kwamba sarufi inaunganisha sehemu mbili za sentensi. Katika Programu ya Minimalisti, toleo la karibuni la nadharia hii, hata picha ya safari imefifia: kipashio kinaingizwa kwenye muundo zaidi ya mara moja, kikabaki na nakala kadhaa, na kwa kawaida nakala ya juu ndiyo inayotamkwa.

2. Kama ni hivyo, kizuizi ni nini?

Kwanza tukubaliane kwamba umbali si kosa. "Ni nani unadhani Asha alisema Juma anaamini atashinda?" inachosha, lakini ukiisoma polepole inaeleweka. Sasa linganisha hizi mbili:

"Ni nini unadhani mtu huyu aliandika?"
✗ "Ni nini unamjua mtu aliyeandika?"

Ya pili si ndefu kuliko ya kwanza, lakini inakwama. Tofauti ni kwamba pengo la ya pili limo ndani ya kishazi rejeshi, "mtu aliyeandika ...". Kizuizi ni kauli inayotaja miundo ambayo uhusiano wa kipashio na pengo hauwezi kuivuka. Muundo wenyewe huitwa kisiwa.

3. Jina "kisiwa" lilitoka wapi?

Lilitoka kwa John Robert Ross, katika tasnifu yake ya uzamivu aliyoiandika katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1967. Noam Chomsky, mwanzilishi wa sarufi zalishi, alikuwa ameshaligusa tatizo mwaka 1964 kwa kanuni iliyosema, kwa ufupi, kwamba kama kirai cha aina fulani kimo ndani ya kirai kingine cha aina hiyohiyo, kinachoweza kuhamishwa ni kile kikubwa. Ross alionyesha kwamba kanuni hiyo inazuia sentensi nyingi nzuri na kuruhusu nyingine mbaya. Akaibadilisha kwa vizuizi mahususi, kimoja kimoja, vyenye data tele. Sitiari yake ilikaa: aliyemo kisiwani yuko salama akibaki humo, ila hana mashua ya kutokea.

4. Tatizo si la maana tu? Labda swali lenyewe halina mantiki.

Hapana, na Kiswahili kinalionyesha hili kwa urahisi wa kustaajabisha. Uliza: "Unamjua mtu aliyeandika nini?" Swali linaeleweka na linajibika. Kilichoombwa ni kilekile kilichoombwa na sentensi mbovu ya swali la 2. Maana ipo, ila njia ya kuifikia imefungwa. Ndiyo maana wanasintaksia wanasema visiwa vinahusu umbo la uhusiano, si kile kinachoweza kufikirika.

Hilo halimalizi mjadala kuhusu maana na muktadha. Tazama swali la 11.

## Visiwa vyenyewe

5. Visiwa vinavyotajwa zaidi ni vipi?

Kirai nomino changamani ndicho mfano wa kwanza katika kila darasa: nomino iliyobeba kishazi ndani yake, ama kishazi rejeshi kama tulivyoona, ama kijalizo, yaani kishazi kinachokamilisha neno linalokitangulia, kama katika "habari kwamba Asha aliandika barua". ✗ "Ni nini ulisikia habari kwamba Asha aliandika?" Kwa wengi kijalizo kinaumiza kidogo kuliko kishazi rejeshi, jambo lililowasumbua wananadharia kwa muda mrefu.

Kiima kilicho kishazi nacho kimefungwa. "Kwamba Juma aliandika barua kulimshangaza Asha" ni sentensi, lakini ✗ "Ni nini kwamba Juma aliandika kulimshangaza Asha?" haifiki popote.

Chagizo, yaani kishazi cha wakati, sababu au sharti, kina kisa chake. "Uliondoka baada ya nani kufika?" ni swali zuri. Ukilivuta "nani" mbele unapata "Ni nani uliondoka baada ya kufika?", na ghafla aliyefika ni wewe. Pengo halikubali kujazwa na "nani", kwa hiyo msikilizaji anatafuta mwenyewe mwingine.

Kisha kuna kishazi cha swali. (?) "Ni nini unajiuliza nani alinunua?" Kiulizi kimoja kimeshakalia mlango wa kishazi cha chini, yaani nafasi ya mwanzoni mwake, cha pili hakina pa kupitia. Ukali wa kisiwa hiki unatofautiana sana kati ya lugha na kati ya wasemaji.

Cha mwisho ni kile Ross alichokiita sharti la tawi la kushoto: huwezi kumng'oa mmiliki au kivumishi na kuiacha nomino nyuma. Katika Kiswahili mmiliki yuko kulia, kwa hiyo jina halitufai, ila zuio lipo: ✗ "Ni cha nani umesoma kitabu?" Unalazimika kuburuta kirai kizima, "Ni kitabu cha nani umesoma?" Kirusi na Kilatini huruhusu kile tunachokataa hapa.

Miundo ambatani nimeiachia swali lake.

6. "Juma na Asha walikuja" na "Juma alikuja na Asha" zinasema jambo moja. Mbona moja inaruhusu uhamishaji na nyingine hairuhusu?

Swali hili ninalipenda kwa sababu linamfundisha mtu kuangalia muundo badala ya habari. Kutoka sentensi ya pili unapata "mtu ambaye Juma alikuja naye" bila taabu. Kutoka ya kwanza hupati kitu: ✗ "mtu ambaye Juma na walikuja", na hata ukijaza, ✗ "mtu ambaye Juma naye walikuja" haikai.

Katika sentensi ya kwanza "na" inaunganisha nomino mbili kuwa kiima kimoja, na kitenzi kinakiri hivyo kwa kiambishi cha wingi "wa-". Huo ni muundo ambatani, na kizuizi cha Ross kinasema mwanachama mmoja wa muundo ambatani hawezi kuondolewa, wala kitu kilicho ndani ya mwanachama mmoja. Katika ya pili kitenzi ni "alikuja", umoja. Asha ni mwandamani tu, ndani ya kirai cha "na", na hakuna uambatani wowote.

Upekee mmoja ni kwamba ukichota kutoka kwa wanachama wote kwa pamoja, mlango unafunguka. "Kitabu ambacho Asha aliandika na Juma akatafsiri" ni kirai kizuri, kina mapengo mawili ya kitabu hichohicho. Jaza pengo moja kwa kitu kingine na kirai kinaporomoka: ✗ "kitabu ambacho Asha aliandika na Juma akatafsiri shairi". Ross aliliona hili, na Edwin Williams akalifanyia kazi kwa kina mwaka 1978.

Mfululizo wa "-ka-" ni jambo tofauti. "Kitabu ambacho Juma alienda maktaba akakiazima" kinapita ingawa kishazi cha kwanza hakina kitabu. Matukio hapa yanafuatana kama hatua za tendo moja, na lugha nyingi zina mianya ya namna hiyo.

7. Kisiwa imara na kisiwa dhaifu vinatofautianaje?

Kisiwa imara kinamzuia kila mtu: vishazi rejeshi, viima vya kishazi na machagizo kwa kawaida huwekwa hapa. Kisiwa dhaifu kinachagua. Kiulizi kinachouliza mshiriki wa tendo, hasa kikiwa na nomino yake kama "kitabu kipi", huweza kupenya. Kile kinachouliza sababu au namna hakipenyi. Kishazi cha swali na kishazi cha kukanusha ni visiwa dhaifu mashuhuri.

Mpime "kwa nini". "Kwa nini unadhani Juma aliondoka?" ina tafsiri mbili: naulizia sababu ya wewe kudhani, au sababu ya Juma kuondoka. Sasa kanusha juu: "Kwa nini hudhani Juma aliondoka?" Tafsiri ya pili imeyeyuka.

## Nadharia zilijaribu kueleza nini

8. Sabjasensi ni nini?

Ni jaribio la Chomsky, mwaka 1973, la kuvikusanya vizuizi vya Ross chini ya kanuni moja. Kanuni inasema hatua moja ya uhamishaji haiwezi kuvuka zaidi ya mpaka mmoja. Mipaka, kwa Kiingereza, ni kirai nomino na kishazi. Kutoka kishazi cha kijalizo cha kawaida unavuka mpaka mmoja, unatua mlangoni mwa kishazi, kisha unaanza hatua mpya. Kutoka kishazi rejeshi mlango umeshakaliwa, kwa hiyo inabidi uruke kishazi na kirai nomino kwa mkupuo mmoja. Mipaka miwili, umekwama.

Uzuri wake ni kwamba vizuizi viwili vilivyoonekana havina undugu, kirai nomino changamani na kishazi cha swali, viligeuka kuwa sura mbili za kitu kimoja. Luigi Rizzi akaonyesha kwamba Kiitaliano kinaruhusu kutoka kwenye kishazi cha swali, akapendekeza kwamba lugha hiyo inahesabu mipaka tofauti kidogo: si kishazi kitupu, bali kishazi pamoja na mlango wake. Hoja hiyo, iliyochapishwa kwenye kitabu chake cha 1982, iliwafanya wengi waamini kwamba Sarufi Majumui, yaani kanuni zinazodhaniwa kuwa za lugha zote, ina kanuni chache zenye swichi ambazo kila lugha huzipanga kivyake.

9. Na baada ya hapo?

Sabjasensi haikugusa machagizo vizuri. James Huang, mwaka 1982, alisema kinachotenganisha ni kama kishazi kimechaguliwa na kitenzi: kijalizo kinaruhusu kutoka, kiima na chagizo haviruhusu. Mwaka 1986 Chomsky alijaribu kuikokotoa mipaka kutokana na uhusiano huo badala ya kuiorodhesha. Mwaka 1990 Rizzi akaleta wazo ambalo kwangu ndilo lililozeeka vizuri kuliko yote: kipashio hakiwezi kuunganishwa na pengo lake kama katikati yupo mwingine wa jamii yake ambaye angeweza kuidai nafasi hiyo. Kiulizi kinazuiwa na kiulizi, kikanushi kinaizuia "kwa nini". Visiwa dhaifu vya swali la 7 vinaingia hapa karibu vyote.

Tangu karibu mwaka 2000 lugha ya nadharia ni awamu. Sentensi inajengwa kwa mafungu. Fungu likikamilika linapelekwa kutamkwa na kufasiriwa, na kilichobaki ndani yake hakifikiki tena. Anayetaka kutoka lazima awe amesogea ukingoni kabla. Hii ni sabjasensi iliyovaa nguo mpya, ingawa sababu inayotolewa sasa ni uwekevu wa ukokotoaji. Kwa nini machagizo hasa yafungwe, awamu peke yake hazisemi.

10. Kuna ushahidi gani kwamba kipashio hupita kituo kwa kituo?

Ushahidi mzuri unatoka kwenye lugha zinazoacha alama njiani. Katika Kiayalandi, kama alivyoeleza James McCloskey, kiunganishi cha kila kishazi ambacho uhamishaji umepita hubadilika umbo, hata vikiwa vishazi vitatu mfululizo. Kishazi ambacho hakuna kilichopita hubaki na kiunganishi cha kawaida. Kikuyu nacho kinaruhusu kiulizi kubaki chini, kwenda hadi juu, au kusimama katikati, mwanzoni mwa kishazi cha ndani, huku kikifasiriwa kwa upana wa sentensi nzima. Kituo kinachodhaniwa na nadharia hapo kinasikika kwa sikio.

11. Hivi visiwa ni sarufi kweli, au ni akili kuelemewa?

Huu ndio ugomvi mkubwa, na ni ugomvi wa maana.

Upande mmoja unasema: kushika kiulizi kichwani huku ukisubiri pengo ni mzigo, na kufungua muundo mgumu katikati ni mzigo mwingine. Ukibeba yote mawili unaona sentensi ni mbovu, lakini hakuna sheria iliyovunjwa. Robert Kluender na Marta Kutas waliitetea hoja ya namna hii mwaka 1993 kwa vipimo vya umeme wa ubongo. Upande mwingine unatafuta jibu kwenye mtiririko wa habari: Nomi Erteschik-Shir tangu 1973, na baadaye Adele Goldberg, wamesema huwezi kuangazia kitu kilichomo ndani ya habari iliyowekwa nyuma ya pazia. Kishazi rejeshi na chagizo mara nyingi hubeba habari za nyuma.

Mwaka 2012 Jon Sprouse, Matt Wagers na Colin Phillips waliwapima watu zaidi ya 300. Kama kisiwa ni mzigo wa kumbukumbu, walisema, basi wenye kumbukumbu kubwa wavione visiwa kuwa vyepesi. Hawakuona uhusiano wowote wa maana kati ya alama za kumbukumbu na ukali wa kisiwa. Wapinzani walijibu kwamba vipimo vya kumbukumbu vilivyotumika huenda si vile vinavyohusika na kuchakata sentensi.

Maoni yangu: hoja ya mzigo peke yake haielezi kwa nini lugha mbili zenye miundo inayokaribiana zitofautiane (swali la 16), wala kwa nini "kwa nini" ipoteze tafsiri bila sentensi kuwa ngumu. Lakini hoja ya habari za nyuma inaona mambo ambayo hesabu ya mipaka haiyaoni, na mwanasintaksia anayeipuuza anajinyima data.

## Kiswahili kwenye mizani

12. Kiswahili huacha kiulizi mahali pake. Basi hakina visiwa?

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. "Unasoma kitabu kilichoandikwa na nani?", "Umempokea mgeni aliyetoka wapi?", "Uliondoka baada ya nani kufika?" Zote nzuri, zote zina kiulizi ndani ya kisiwa. Anayeharakisha atahitimisha kwamba visiwa havituhusu. Lakini katika sentensi hizi hakuna kilichohama, angalau kwa kusikika. Kisiwa kinazuia kutoka, na hawa hawajatoka.

Kabla ya kusema lugha fulani inavunja kizuizi fulani, hakikisha kwamba kuna uhamishaji. Nimeona hoja nzima zikijengwa juu ya sentensi ambazo hazikuwa na pengo hata moja.

Kuna mkunjo zaidi. Sema: "Umemfukuza mwanafunzi aliyechelewa kwa nini?" Nani anaulizia sababu ya kuchelewa? Kwa sikio langu, hakuna; inaulizwa sababu ya kumfukuza. "Wapi" inaweza kuulizia ndani ya kishazi rejeshi, "kwa nini" haiwezi, ingawa zote ziko mwishoni pale. Huang aliona mgawanyiko unaofanana na huu katika Kichina, ambacho nacho huacha viulizi mahali pake: "nani" na "nini" vyao vinakaa kisiwani kwa raha, "kwa nini" yao haikai. Alihitimisha kwamba kuna uhamishaji usiosikika, unaofanyika upande wa ufasiri. Wengine wanasema "nani" na "nini" hufungwa kutoka mbali bila kuhama. Mgawanyiko upo, vyovyote utakavyoueleza.

13. "Amba-" na "-o-" ya kwenye kitenzi: zina nguvu sawa?

Kwa vishazi vya kijalizo zote hufika mbali. "Kitabu ambacho unadhani nimekisoma" na "kitabu unachodhani nimekisoma" zote zinasikika kila siku. Katika ya pili "-cho-" imekaa kwenye kitenzi cha kudhani, ambacho hakina uhusiano wowote na kitabu isipokuwa kwamba kiko njiani.

Jaribu kisiwa. "Kitabu ambacho ninamjua mtu aliyekiandika" kwangu kinapita. ✗ "Kitabu ninachomjua mtu aliyekiandika" kinagoma kabisa. Tofauti hii inaniambia kwamba "amba-" inaweza kusimama juu kama tangazo la mada, halafu kishazi kinachofuata kikajieleza chenyewe, ilhali "-o-" ya kitenzi inadai njia safi kutoka juu hadi chini.

14. Kwa nini kuongeza "-ki-" au "-i-" kwenye kitenzi kunaokoa sentensi?

Kwa sababu kiambishi cha yambwa kinaweza kufanya kazi ya kiwakilishi kinachojaza pengo. (?) "Kitabu ambacho ninamjua mtu aliyeandika" kinayumba, ongeza "-ki-" kinasimama. "Barua ambayo Juma aliondoka kabla Asha hajaisoma" ni Kiswahili cha kawaida, na ni chagizo. Pasipo pengo hapana uhamishaji, na pasipo uhamishaji kisiwa hakina cha kuzuia.

Mahali pengine kujaza ni lazima hata pasipo kisiwa: "mtu ambaye nilizungumza naye", "mtoto ambaye kalamu yake imepotea". Kiayalandi kina mgawanyo unaofanana: kiunganishi kimoja huandamana na pengo na kinaheshimu visiwa, kingine huandamana na kiwakilishi na hakivijali.

Onyo ni kwamba kiambishi cha yambwa katika Kiswahili kina kazi nyingine pia, hasa kwa watu na kwa vitu vilivyokwisha kutajwa. Kukiona hakutoshi kuthibitisha kwamba hakuna uhamishaji.

15. "Watoto wanaonekana wamechoka" inavunja sheria gani?

Sheria ya 1973 iliyosema kipashio hakiwezi kutolewa kwenye kishazi chenye njeo (alama ya wakati) na upatanisho kwenda kuwa kiima cha juu. Kiingereza kinaitii: kitenzi cha chini lazima kipoteze njeo. Kwetu "wa-" inajitokeza mara mbili, juu na chini, na sentensi ni laini kama maji. Lugha nyingi za Kibantu zina jambo hili. Ama "watoto" wamehama na kupatanisha kila waliposimama, ama wamezaliwa juu na kishazi cha chini kina kiima kisichotamkwa. Mjadala uko wazi, na tahadhari ya swali la 12 inahusika hapa pia.

## Kesi za pembeni

16. Ni kweli lugha za Skandinavia huvunja kizuizi cha kishazi rejeshi?

Kiswidi, Kidenmaki na Kinorwe huruhusu sentensi za mtindo wa "maua hayo ninamjua mtu anayeuza", bila kiwakilishi cha kujaza pengo. Haziruhusu kila mahali, lakini: zinapendeza zaidi kitenzi cha juu kikiwa chepesi, kama "kuna", "najua", "nimeona", na kishazi rejeshi kikiwa ndicho chenye habari mpya. Wafuasi wa hoja ya habari za nyuma (swali la 11) huzishika kwa mikono miwili.

17. Pengo tegemezi ni nini?

Ni pengo ndani ya kisiwa linalovumiliwa kwa sababu kuna pengo halali nje yake. Elisabet Engdahl alilichambua mwaka 1983. Kiswahili ni mahali pabaya pa kulitafutia. "Barua ambayo Juma alichoma bila kusoma" inaonekana mfano mzuri, mpaka ukumbuke kwamba "Juma aliichoma barua bila kusoma" nayo inakubalika bila kuhamisha kitu, kwa hiyo nafasi tupu baada ya "kusoma" haitegemei pengo jingine.

18. Mbona "sikumbuki ipi" haijali visiwa?

"Wamemwajiri mtu anayezungumza lugha moja ya Ulaya, lakini sikumbuki ipi." Ukiirefusha, "ipi" ingekuwa imetoka ndani ya kishazi rejeshi, na sentensi ndefu ingekuwa mbovu. Ukiikata, ubovu unatoweka. Ross aliliona mwaka 1969. Jibu moja ni kwamba kosa liko kwenye utamkaji wa muundo, kwa hiyo usipoutamka hukosei. Jibu lingine, lililokuzwa na Jason Merchant mwaka 2001 kwa baadhi ya visiwa, ni kwamba kilichokatwa si sentensi ile ndefu bali fupi zaidi, mfano "ni lugha ipi", isiyo na kisiwa ndani yake.

19. Nikitaka kupima kisiwa mwenyewe nifanyeje?

Usipime sentensi moja. Tunga nne, ukitenganisha urefu wa uhusiano na ugumu wa muundo:

"Nani anadhani Asha aliandika barua?"
"Ni nini Juma anadhani Asha aliandika?"
"Nani anamjua mtu aliyeandika barua?"
"Ni nini Juma anamjua mtu aliyeandika?"

Waombe watu wazipe alama, 1 hadi 7, bila kuwaambia unatafuta nini. Ya pili itashuka kidogo kwa sababu ya umbali, ya tatu huenda kidogo kwa sababu ya muundo. Swali ni kama ya nne inashuka zaidi ya jumla ya hizo mbili. Ziada hiyo ndiyo kisiwa.

Epuka mtego wa "na". ✗ "Ni nani unasoma kitabu kilichoandikwa na?" ni mbovu, lakini ✗ "Ni nani ulikuja na?" ni mbovu vilevile, na haina kisiwa chochote. "Na" yetu haikubali kuachwa peke yake, basi.